Sungura wamembeba mwindaji: bunduki ya babu sio feki, na tafadhali isisuguliwe

"Shikamoo. Naandika toka Kigoma. Babu yetu alifariki mwaka jana akaacha bunduki ya mitutu miwili, ile ya kulaliana ubavu kwa ubavu. Aliinunua zamani kwa Mbelgiji mwenye shamba la kahawa upande wa Burundi alipokuwa anarudi kwao. Tumezoea kuona bunduki za wazungu zina maua au bata na mbwa, ila hii kwenye bamba la pembeni kushoto kuna sungura wawili wamebeba mti begani na katikati wamemning'iniza mwindaji kafungwa mikono na miguu. Kulia kuna sungura kavaa kama jaji na mbele yake mbwa kapigishwa magoti. Chini kuna uso wa mwanamke ana nyoka badala ya nywele. Mjomba anasema huo ni uchawi, tuitupe ziwani. Fundi mmoja wa mjini anasema ni feki, hakuna kampuni ingechora vitu hivyo, ila tukimpa hela ataisugua ing'ae na kuongeza simba wa dhahabu ipate bei. Alama niliyoiona kwenye mtutu ni kama yai lenye herufi ELG na taji juu yake. Kwa sasa iko kabatini kwa bibi. Tushike lipi?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kumpoteza mzee. Nimelisoma swali lako mara tatu, na nikwambie ukweli nimefurahi, maana kazi za namna hiyo mtu anaweza kufanya nakshi miaka mingi na asizishike mkononi zaidi ya mara mbili tatu. Jibu la haraka kwa sababu najua fundi anawasubiri: msimpe. Kwa maelezo yako, hiyo inaonekana ni bunduki ya Liège, Ubelgiji, na hao sungura ndio kitu cha kuwatunza kuliko simba yeyote atakayewachorea.

Lakini kabla ya sungura kuna kabati la bibi. Bunduki hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Leseni ilikuwa ya babu kwa jina lake, na alipofariki ikaisha naye, kwa hiyo hapo ilipo inaweza kumuingiza bibi kwenye matatizo ambayo hakuyataka. Nendeni kituo cha polisi mkaeleze, bila hiyo bunduki kwanza, mkiwa na cheti cha kifo na leseni ya mzee kama mnaipata, waulizeni wanataka iletwe vipi, kisha isalimishwe mpewe karatasi yenye namba ya bunduki. Baada ya hapo ndio mtu mmoja wa familia anaweza kuomba leseni kwa jina lake. Kusalimisha sio kunyang'anywa, watu wengi wanaogopa hapo na ndio maana bunduki nyingi za wazee zinaozea darini. Na mtu yeyote asijaribu kuifyatua, nitaeleza kwa nini huko mbele.

Sasa tuje kwenye picha. Fundi wenu anasema hakuna kampuni ingechora hivyo. Namuelewa alikotoa hilo wazo. Bunduki nyingi nzuri za Uingereza zina maua ya waridi na mizunguko midogo midogo kama mizabibu, Purdey wa London wamejulikana kwa mtindo huo, na bunduki za wanyama wakubwa zilizoletwa huku kwetu zilichorwa tembo, nyati, simba. Mtu akiona hizo kumi anadhani hiyo ndio sheria. Sheria haipo. Bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa mkono ilikuwa kitu cha kuagiza kama mtu anavyoagiza mlango wa nakshi, mteja anakaa na mchoraji, anasema nataka hivi, na mchoraji anachora. Wateja wengine walitaka bata. Wengine walitaka vitu vya ajabu kweli kweli.

Nikupe mifano. Nicolas-Noël Boutet aliyeongoza kiwanda cha silaha cha Versailles enzi za Napoleon, kazi zake zimejaa vichwa vya Medusa, simba wenye mabawa, na sura za Kimisri ambazo zilipendwa Ufaransa baada ya Napoleon kwenda Misri mwaka 1798. Holland & Holland wa London walitengeneza bunduki kubwa ya mitutu miwili wakaipa jina Saurian, na walichochora juu yake ni dainosaria, wanyama ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwawinda. Italia kuna Manrico Torcoli, anajulikana kwa kuchora wanawake na wanyama wamechanganyikana kama kwenye ndoto, hujui mkono unaishia wapi na bawa linaanzia wapi, na watu wa bunduki za bei kubwa wanazitafuta kazi zake. Kwa hiyo kusema mada ya ajabu ni dalili ya feki ni sawa na kusema shairi lenye mzaha sio shairi.

Na hao sungura wenu wana ukoo mrefu kuliko bunduki zenyewe. Ulaya kuna mchezo wa zamani wa kuchora dunia imepinduka, aliyezoea kuwindwa anamuwinda mwindaji. British Library pale London wana kitabu cha sheria za kanisa kilichopambwa karne ya 14, na chini ya kurasa zake wamechorwa sungura wanamrushia mwindaji mishale, wanamfunga, wanamshitaki, afu mbwa naye anapelekwa kwenye gari kwenda kunyongwa. Karne ya 16 mchoraji Virgil Solis wa Nuremberg akatoa picha ya sungura wanambanika mwindaji kwenye kijiti huku mbwa wake wanapikwa chunguni. Picha kama hizo zilichapwa kwenye karatasi, zikauzwa, zikasambaa, na hapo ndipo mafundi wa silaha walipozipata. Hilo ni jambo ambalo watu wengi hawalijui: mchoraji wa bunduki mara nyingi hakubuni picha kichwani, alikuwa na vitabu vya vielelezo mezani. Paris mwaka 1685 Claude Simonin alitoa kitabu kizima cha mapambo ya kuchora kwenye bunduki, na mafundi wa miji mingine wakavinakili vielelezo vyake. Kwa hiyo mtu aliyekaa Liège akachora sungura amebeba mwindaji alikuwa anaendeleza mzaha wa zaidi ya miaka 500, na mwindaji aliyeagiza alijua anajicheka mwenyewe kila akitoka kuwinda.

Mimi nikiwaza hiyo bunduki ilivyofika Kigoma moyo unanifurahi. Huku sungura tunamjua toka tukiwa watoto, ndiye anayemzidi akili fisi na tembo, hakuna bibi asiye na hadithi yake. Sijui babu yako alikuwa anaiangalia vipi ile picha ila sidhani kama alihitaji mtu wa kumtafsiria.

Kuhusu mjomba, usimkatie maneno, maana kwa yule mwanamke wa nyoka hayuko mbali sana na ukweli. Anaitwa Medusa, wa hadithi za Wagiriki, aliyemtazama aligeuka jiwe. Wagiriki waliuweka uso wake kwenye ngao ili umtishe adui, yaani ilikuwa ni kinga, kama yale macho yanayochorwa kwenye omo ya jahazi Lamu na Unguja. Kwenye silaha za Ulaya uso huo umerudiwa mamia ya miaka mpaka ukabaki pambo tu. Mwambie mjomba kwamba asili yake ni ya kumlinda mwenye silaha na wala haikuwa ya kumdhuru mtu wa nyumbani. Na kuitupa bunduki ziwani hakumalizi lolote, zaidi ya kuwaacha na silaha isiyo na maelezo polisi wakija kuuliza.

Haya, sasa mtaitambuaje kama ni kazi ya mkono au la? Picha haisemi, kinachosema ni mkato. Mimi baba yangu alikuwa sonara Unguja, nikakulia kwenye fedha na dhahabu kabla sijaja kujifunza chuma hukohuko Liège, na somo la kwanza nililopewa lilikuwa kuacha kuangalia mchoro, niangalie mkato chini ya lenzi. Mchoraji anatumia kalamu ya chuma kigumu iliyonolewa ncha kama V. Anaisukuma kwa kiganja au anaigonga kwa nyundo ndogo, na kila anapopita kinatoka kinyuzi cha chuma kimejikunja kama ganda la embe. Mstari wa mkono unaanza mwembamba, unanenepa katikati pale kalamu ilipozama, kisha unakonda tena na kupotea. Kuta zake zinang'aa kwa ndani. Ukiweka taa moja upande na kuigeuza bunduki polepole utaona mistari inawaka na kuzima kwa zamu kwa sababu kila mmoja umekatwa kwa mlalo wake. Manyoya ya sungura yanakuwa kama yanatikisika.

Kazi ya asidi haifanyi hivyo, sakafu ya mstari ni ya chenga chenga, imefifia, na kina ni kilekile mwanzo mpaka mwisho. Kazi ya kubana kwa roli la kiwandani kingo zake zimevimba kidogo maana chuma kimesukumwa tu bila kutolewa, na ukikutana na bunduki nyingine ya aina hiyo utaona sungura yuleyule, unywele kwa unywele. Ya leza ya siku hizi ina vimistari vya kuungua vilivyolala sambamba kama mkeka. Kuna na mtindo wa Waitaliano wa Gardone Val Trompia wanaouita bulino, pale picha inajengwa kwa vinukta maelfu na vimistari vya kina kidogo sana, ukiangalia kwa macho unadhani ni fotografia. Firmo Fracassi ndiye aliyeufikisha mbali sana. Bunduki ya umri wa babu yako sitegemei iwe bulino, ila nautaja kwa sababu huo ndio unaokufa haraka kuliko yote ukisuguliwa, kitambaa chenye polishi kinaweza kufuta kazi ya miezi.

Ndio maana nimeanza na msimpe. Kuna bunduki moja niliwahi kuletewa, sitasema ya nani wala ilitoka kwa fundi gani, ilikuwa na mbwa mwenye ndege mdomoni, imesuguliwa kwa mashine mpaka inang'aa kama kijiko. Nilipoweka lenzi kwenye sikio la mbwa nilikuta robo tatu ya vinywele imeondoka, imebaki ile mistari mirefu ya mgongoni tu, na kingo ambazo zilitakiwa kuwa kali kama wembe zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika. Mwenye nayo alikuwa ananiuliza naweza kurudisha. Hapana. Nikichora upya naweka mbwa wangu juu ya mbwa wa marehemu, yule wa kwanza hayupo tena.

Na hilo la simba wa dhahabu ni kubwa kuliko kusugua. Sikiliza vizuri hapa maana ndio kiini cha kazi yenyewe. Bamba la bunduki linachorwa chuma kikiwa bado laini. Nakshi ikiisha, mabamba yanapangwa kwenye sanduku pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, yanapikwa motoni mpaka chuma kinakuwa chekundu, kisha yanamwagwa majini ghafla. Ule mkaa unaingia kwenye chuma na kukifanya kiwe kigumu sana kwa juu, ngozi nyembamba tu, ndani kinabaki laini ili kisipasuke. Hapo ndipo yanapotoka yale mawingu ya bluu, kahawia na kijivu unayoyaona kwenye bunduki za zamani, na mengi hufifia kwa jua na mikono. Mtu akitaka kuongeza simba leo kalamu yake itateleza kwenye hiyo ngozi ngumu, kwa hiyo lazima akilainishe chuma kwa moto, achore, afu akikaze tena. Kila moto huo unaweza kupinda bamba kiasi ambacho jicho halioni lakini mtambo unaona, na bunduki ambayo mtambo wake haukai sawasawa ni hatari kwa anayeishika. Dhahabu nayo, ya kweli, haigandishwi juu. Unachimba kitanda chenye kuta zinazoingia ndani kwa chini kama mkia wa njiwa, unainua vijino sakafuni, unaweka dhahabu safi laini na kuigonga mpaka ing'ate. Fundi akikwambia ataifanya kwa siku mbili, anachokuwekea ni rangi au dhahabu ya kupaka na betri, itaanza kubanduka kabla hamjauza.

Halafu tuseme ukweli, simba ndiye wa kawaida. Simba na tembo wamechorwa kwenye bunduki nyingi mno. Sungura jaji ndiye adimu, na kumuweka simba pembeni yake ni kuharibu hadithi.

Turudi kwenye lile yai. ELG ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, ambako mitutu inapimwa kwa kulipuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, na mji ule unafanya hivyo toka mwaka 1672. Taji juu ya yai liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo alama ya mtutu wenu haiwezi kuwa imepigwa kabla ya hapo. Sasa tafuteni karibu na hilo yai alama nyingine, simba mdogo sana amesimama juu ya herufi PV. Akiwepo maana yake mitutu ilipimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Asipokuwepo, bunduki ilijengwa kwa baruti nyeusi ya zamani, na risasi za dukani leo zinaweza kuipasua mkononi mwa mtu. Hata akiwepo, hiyo ilikuwa ni siku ile, kutu ya miaka yote hii hakuna aliyeipima. Kwa hiyo simba mnayeahidiwa huenda mnaye tayari, mkubwa kama punje ya mtama, na yeye ana kazi ya maana zaidi.

Kuhusu jina, kama juu ya mitutu kuna jina la Kiingereza msilichukulie kama ushahidi. Liège ilitengeneza bunduki nyingi za kuuza Afrika na Marekani, na baadhi ya wafanyabiashara waliandika majina yanayofanana na ya kampuni kubwa za Uingereza ili mnunuzi achanganyikiwe. Kama kuna ufeki kwenye bunduki hizi mara nyingi uko hapo kwenye jina. Nakshi ya mkono itabaki nakshi ya mkono.

Bei sasa, na hapa sitawapa matumaini hewa. Bunduki za Liège za mitutu miwili zipo nyingi duniani na nyingi haziuzwi ghali. Nakshi ya mada adimu ikiwa ya mkono mzuri inaipandisha, sahihi ya mchoraji inaipandisha zaidi, tafuteni herufi ndogo sana pembezoni mwa picha, kwenye majani au karibu na kinga ya kifyatulio. Ila wachoraji wengi wa Liège walifanyia kazi nyumbani kwa malipo ya kipande na hawakusaini, kwa hiyo msisikitike mkikosa. Kuipeleka nje kwenye mnada kunahitaji vibali vya kutoka na vya kuingia, wakala, usafiri wa silaha, na mara nyingi gharama zinakula faida yote. Ningekuwa mimi ningeangalia mambo mawili tu: mmoja wenu aombe leseni aitunze, au muombe izimwe kisheria isiweze kufyatua ili ibaki kumbukumbu, mkisisitiza kwa maandishi kwamba mabamba ya pembeni yasikatwe wala kutobolewa. Kuizima kunapunguza bei lakini kwenu nadhani kumbukumbu ni kubwa kuliko bei. Waulizeni polisi wa silaha kama hilo linakubalika na masharti yake, na kazi yoyote ya chuma ifanywe na fundi mwenye leseni ya silaha tu, akiwa ameiona kwa macho. Mimi kwa maneno siwezi kuwaambia kama chemba ina risasi, kama kitako kina ufa, wala kama kutu imeingia ndani ya mtutu. Hayo ni ya kushika.

Wakati mnasubiri, msiipake chochote cha kusugulia. Hakuna msasa, hakuna ndimu, na huo ukwaju na majivu tunaong'arishia shaba wekeni mbali kabisa. Polisi wakiruhusu, kitambaa laini cha pamba chenye tone la oili nyepesi ya mashine kinatosha, kupita juu bila kukandamiza, na uchafu uliokwama kwenye mistari utolewe kwa kijiti cha mti laini kilicholoweshwa oili hiyohiyo. Kama nakshi ya chini pale kwa Medusa imefifia kuliko ya pembeni msishtuke, bunduki ya namna hii inabebwa kwa kushikwa hapo hapo chini, na jasho la kiganja lina chumvi. Kufifia kwa namna hiyo ni mkono wa babu na wa yule Mbelgiji kabla yake, na mtu anayejua akiona mmeuacha ufifio huo bila kuugusa anaamini umri wa bunduki zaidi.

Siku ya kusalimisha ombeni ruhusa mpige picha mbele ya askari, mkieleza ni kwa kumbukumbu ya familia. Zimeni flashi ya simu, mtu mmoja ashike tochi chini kabisa pembeni ili mwanga ulambe bamba, mwingine apige kutoka juu, mara tatu nne mkihamisha tochi. Nataka hasa sikio la sungura jaji na ile kamba iliyomfunga mwindaji miguuni. Kamba ndipo mchoraji mvivu anapojulikana, anaweka mistari ya kulala tu basi, na mchoraji mzuri utaona kila pindo la kamba limekatwa kwa kina chake na kivuli chake. Mkizipata nitumie, na usisahau kuniandikia kama simba wa PV yupo.